Kahawa Ambayo Annastella Hakuitafuna

Mzee Rutaihwa alikuwa amevaa koti lake la sherehe, lile alilolivaa siku ya kumwoza binti yake wa kwanza. Aliketi wima mbele ya meza ya kampuni ya bima mjini Bukoba kama mtu aliyekuja kupokea posa. Binti wa mezani, aliyejitambulisha kwa jina la Lilian, alitoa karatasi kwenye bahasha ya kaki aliyoileta mzee, moja baada ya nyingine, akazipanga, akazipitia, kisha akaichungulia bahasha tupu.

"Babu, nakala ya hukumu iko wapi?"

"Hukumu gani?"

"Ya kesi ya ajali. Hapa ninayo fomu ya polisi ya matibabu, ninayo ramani ya ajali, ninao ukaguzi wa gari na taarifa ya daktari. Vyote viko sawa. Ila sioni hukumu inayosema dereva alitiwa hatiani. Bila hiyo siwezi hata kufungua jalada."

"Kesi ilifutwa," alisema Mzee Rutaihwa. Kisha akaongeza, kwa sauti ya mtu anayetaja jambo la heshima, "Tulisameheana."

"Mlisameheana na nani?"

"Na mwenye gari. Byabato wa Kanazi. Alikuja nyumbani kwangu na watu wake, tukatafuna kahawa."

"Na kampuni je, babu? Nayo ilitafuna?"

Mtu mmoja aliyekuwa akisubiri zamu nyuma yao alicheka puani. Mzee Rutaihwa aligeuka, akamtazama mpaka kicheko kikaisha, halafu akamrudia binti.

"Wewe ni mtoto wa wapi?"

"Wa Kamachumu, babu."

"Basi unajua kahawa ni nini."

"Najua. Bibi yangu anayo kwenye kikapu mpaka leo. Lakini bosi wangu yuko Dar es Salaam, na mkubwa wake sijui yuko nchi gani. Hao nitawaandikia nini? Kwamba dereva hakutiwa hatiani kwa sababu ya kahawa?" Lilian alirudisha karatasi ndani ya bahasha taratibu, kama mtu anayemvalisha mgonjwa. "Pole, babu. Kama ingekuwa juu yangu ningekulipa leo."

Na hilo ndilo lililomvunja nguvu. Angekuwa mkorofi, mzee angejua la kumwambia.

Ajali yenyewe ilitokea Izigo, karibu na nyumbani. Annastella, kitinda mimba wa Mzee Rutaihwa, alikuwa fundi cherehani, na nusu ya watoto wa shule pale Izigo walivaa sare alizozishona yeye. Asubuhi ile alisimama kando ya barabara na mfuko wa sketi mpya akisubiri bodaboda. Kenta ya Byabato, lori dogo, ikatokea upande wa Muleba imejaa ndizi. Aliyekuwa akiiendesha ni Mutalemwa, mpwa wa Byabato. Alitaka kulipita lori la mchanga kwenye kona, akakutana uso kwa uso na basi, akakwepa, akapanda ukingo wa barabara. Watu waliokimbilia pale walikuta sketi zimetapakaa kwenye majani, na Annastella anauliza zimeharibika ngapi. Mguu wake wa kulia ulikuwa umevunjika chini ya goti, mfupa umetokeza.

Hospitalini waliuunga kwa chuma. Alipoletwa nyumbani, hata kabla majirani hawajamaliza kuja kumpa pole, Byabato alifika.

Alikuja Jumamosi, na wazee wawili wa kanisa lake la Kilutheri, na mbuzi, na mikungu ya ndizi, na rubisi, pombe ya ndizi, kwenye kibuyu. Mutalemwa alitembea nyuma yao akiangalia miguu yake. Walipopewa viti, Byabato alikataa kiti, akaketi chini kwenye mkeka, yeye mtu mzima mwenye wajukuu.

"Waitu," alisema, kwa neno lile ambalo Mhaya humwitia mtu anayemheshimu, "gari ni langu na kosa ni langu. Huyu kijana ni mtoto wa marehemu dada yangu. Akifungwa, mama yake nitamwambia nini huko aliko? Nimekuja mbele yako mikono mitupu."

"Mikono mitupu na mbuzi juu!" alisema Mzee Kamala, jirani wa Rutaihwa, ambaye hakuwahi kuuacha msiba upite bila kuutania. Watu wakacheka, hata Mutalemwa akainua uso, na hewa ya chumba ikalegea.

Mzee Rutaihwa hakucheka. Alikuwa anaonja utamu wa saa yake. Kwa miaka mingi watu wa Izigo walipogombana kwa sababu ya mpaka wa kibanja, au mke aliyerudi kwao, au ng'ombe aliyekula migomba ya mtu, walimwita yeye. Hakuwa na cheo. Alikuwa na neno, na neno lake likishatoka halikurudi. Sasa mtu mzima ameketi chini mbele yake na anasubiri neno hilo. Aliagiza kikapu.

Kikapu cha kahawa ni kidogo, hukaa kiganjani, na kina kifuniko chake. Ndani yake mna kahawa iliyochemshwa na majani yenye harufu nzuri kisha ikakaushwa, ikiwa bado na ganda lake. Hiyo si ya kunywa, hutafunwa. Zamani watu wawili waliopasua tunda moja la kahawa, wakajichanja, kila mmoja akala punje yenye damu ya mwenzake, walikuwa wameunganika kuliko ndugu wa tumbo moja. Siku hizi hakuna anayejichanja damu. Lakini mtu aliyetafuna kahawa na mwenzake baada ya ugomvi, akaja akampeleka mbele ya serikali, huyo hata kwenye msiba wake watu watachelewa.

Mzee Rutaihwa alitafuna, akampa Byabato. Byabato akapokea kwa mikono miwili. Kikapu kikapita kwa wazee wa kanisa, kikapita kwa Mzee Kamala, kikapita kwa Mutalemwa. Kiliporudi, mzee alikifunika.

"Yamekwisha," alisema.

Annastella alikuwa chumba cha ndani, nyuma ya pazia.

Wito wa mahakama ulipokuja, wa yeye kwenda Muleba kutoa ushahidi, Annastella alijiandaa. Alivaa gauni, akavaa kiatu kimoja. Baba yake alimkuta mlangoni na magongo yake.

"Huendi popote. Neno limekwisha."

Hakwenda. Tarehe ya pili hakwenda. Ya tatu, mwendesha mashtaka akasema hana shahidi, shauri likaondolewa. Mutalemwa akapanda gari kwenda Geita kutafuta kazi migodini, na tangu hapo hata mjomba wake akimpigia simu hampati.

Na huenda mambo yangebaki hivyo, heshima juu ya heshima, kama mguu ungepona. Mguu haukupona. Kidonda kiliziba juu, kikafunguka, kikaziba, kikafunguka kikitoa usaha. Daktari aliitazama picha ya eksirei kwenye mwanga, akasema mfupa umeingia ugonjwa. Inabidi Annastella apelekwe Mwanza, chuma kitolewe, mfupa usafishwe, uungwe upya, na hiyo siyo kazi ya mara moja. Ikichelewa, wataukata.

Byabato alikuwa amesaidia mpaka aliposhindwa. Kenta yake ilikufa injini, ikabaki imeegeshwa juu ya mawe, na majani yakaota chini yake. Kibanja cha Mzee Rutaihwa kina makaburi ya babu zake. Hakiuziki, na kingeuzika ukoo ungesimama mlangoni. Ni daktari aliyeuliza, kama mtu anayeuliza kitu kilicho wazi, "Lakini hilo gari si lilikuwa na bima?"

Basi siku ile ya kutoka bima, mzee alimkuta Annastella barazani, mguu juu ya kigoda, anashona vifungo vya shati kwa mkono. Cherehani yake ya kukanyaga ilikuwa pembeni, imefunikwa kanga.

"Karatasi zote wamezikubali," alisema mzee, huku akivua koti. "Inakosekana moja tu."

"Hukumu," alisema Annastella, bila kuinua macho.

"Umejuaje?"

"Afande aliniambia kwenye simu, kabla ya ile tarehe ya kwanza. Alisema, dada njoo, huyu kijana atakiri, atatozwa faini, na wewe utapata njia ya kudai bima. Nikaja kukuambia."

"Hukuniambia hivyo."

"Nilikuambia, Tata. Ulikuwa na Mzee Kamala hapo hapo ulipokaa. Ukasema mwanamke anayeisikiliza simu kuliko baba yake ana masikio ya kukodi."

Mzee alikumbuka. Alikumbuka hasa jinsi Kamala alivyocheka mpaka akapaliwa, na jinsi yeye mwenyewe alivyoipenda ile kauli, akairudia Jumapili nje ya kanisa.

"Nikuulize kitu kimoja," alisema Annastella, akikata uzi kwa meno. "Ile siku ya mbuzi, kikapu kilipita kwa nani na nani?"

"Kwa wote waliokuwepo."

"Aliyenigonga alitafuna?"

"Alitafuna."

"Na mimi?"

Kuku alipita katikati yao, akadonoa kitu, akaenda zake.

"Ulikuwa umelala," alisema mzee.

"Nilikuwa macho. Nilisikia mpaka kifuniko kilipofungwa. Nikasema, sasa hivi Tata atakileta. Nikajikalisha vizuri kitandani, nikafuta mikono." Alichukua kifungo kingine. "Harufu ya mbuzi ilifika. Kahawa haikufika."

Wiki iliyofuata walikwenda pamoja kwa wakili, mtaa wa Hamugembe mjini Bukoba, kwenye chumba kilichotazamana na migomba ya watu. Wakili aliitwa Judica, mama wa makamo aliyevaa miwani kwa kamba shingoni. Aliwasikiliza mpaka mwisho, na walipofika kwenye kahawa hakucheka.

"Mzee, nikuambie ukweli?"

"Sijaja mpaka huku kutafuta uongo."

"Byabato hukumsamehe chochote. Byabato alikuwa amekata bima ili siku kama ile isimkute mikono mitupu. Kijana angekiri, angelipa faini, angerudi kwao, na malipo ya binti yangetoka kwa waliopokea fedha za bima. Uliowasamehe ni hao, ambao hata Izigo hawajui iko wapi."

Mzee Rutaihwa aliisukuma bahasha ya kaki katikati ya meza.

"Njia imebaki moja," alisema Judica. "Kesi ya madai. Annastella anawashtaki wawili, dereva na mwenye gari. Akishinda, kampuni inabanwa na sheria ilipe."

"Nimshtaki Byabato?"

"Sio wewe, mzee. Yeye. Yeye ndiye mwenye mguu. Ila kampuni italeta wakili wake, naye atasema hawa walishamalizana kimila, mashahidi wapo. Hapo ndipo nitakapokuhitaji. Utasimama useme kwamba binti ni mtu mzima, hakuulizwa, na kahawa hakupewa."

"Niseme mbele za watu kwamba nilitoa neno lisilo langu."

"Ndivyo ilivyokuwa, au sivyo?"

Annastella alikuwa anatazama dirishani. Hakumsaidia baba yake kujibu.

Mzee alisema hawezi kuruhusu Byabato ajue kwa kuletewa karatasi na mtu wa mahakama, kama mwizi. Lazima amwambie mwenyewe. Akaenda Kanazi kwa bodaboda, koti la sherehe limejaa vumbi. Byabato alimwona kutoka shambani, akaja mbio akipangusa mikono kwenye suruali.

"Waitu! Karibu, karibu! Kama ungesema unakuja ningechinja hata huyu jogoo mwenye kelele. Mama Josia, lete kiti! Mgonjwa anaendeleaje?"

"Mguu unaoza."

Byabato aliacha kupangusa mikono. Walikaa. Mzee Rutaihwa alimweleza yote, bima, hukumu, wakili, kesi. Byabato alisikiliza akiikunja na kuikunjua kofia yake.

"Kwa hiyo," alisema mwishowe, "yule mbuzi wangu ndiye anayeuozesha mguu wa mtoto."

"Usiseme hivyo."

"Nisemeje? Nilikuja kwako kumwokoa mpwa wangu na jela ambayo hata haikuwepo. Faini tu! Ningeuza mbuzi yule yule nikailipa." Alicheka kidogo, kicheko kibaya. "Mnishtaki, waitu. Nishtakini. Nitasimama niseme ndiyo, gari langu lilimgonga, kosa ni letu. Kesi itaisha siku hiyo hiyo."

"Wakili amekataza. Mkataba wako na bima unakukataza kukiri bila ruhusa yao. Ukikiri wewe mwenyewe, watasema umevunja masharti, hawatalipa."

"Basi niseme uongo? Mimi mzee wa kanisa?"

"Usiseme uongo. Usikiri tu."

"Na wakiniuliza kama tulitafuna kahawa, yakaisha?"

Walitazamana, wazee wawili ambao kila mmoja alimtakia mwenzake mema, na hapakuwa na kitu chema ambacho yeyote kati yao angeweza kukifanya.

Wakati huo Mama Josia, mke wa Byabato, alitoka ndani. Hakuwa amesikia lolote. Alipiga magoti kama ipasavyo, akamsalimu mgeni, akanyoosha mkono wenye kikapu cha kahawa, kifuniko kimeshafunguliwa.

Tangu azaliwe Mzee Rutaihwa hakuwahi kukikataa kikapu. Hata kwa watu aliowachukia alichukua punje moja, akaitia mfukoni. Mkono wake uliinuka wenyewe. Akaiona punje nyeusi, akaisikia harufu yake. Akamwona Annastella amejikalisha kitandani, amefuta mikono, anasubiri.

Akaurudisha mkono kwenye goti.

"Samahani, mama," alisema. "Leo sitatafuna."

Mama Josia alibaki amenyoosha mkono, kwa kuwa hakujua mtu hufanya nini baada ya hapo. Alimtazama mumewe. Byabato ndiye aliyekichukua kikapu, akakifunika yeye mwenyewe, polepole, akakiweka chini nyuma ya kiti chake mahali ambapo hakionekani.

"Mzee ana meno yanamsumbua," alimwambia mkewe.

Alimsindikiza mgeni mpaka barabarani. Bodaboda ilipowashwa Byabato alimfunga mzee vifungo vya koti, kwa sababu ya upepo.

Kesi ilifunguliwa. Siku ya kwanza wakili wa kampuni aliomba muda wa kuandaa majibu. Siku ya pili Mutalemwa hakupatikana, ikaamriwa atangazwe gazetini. Siku ya tatu hakimu alikuwa safarini. Kila mara Mzee Rutaihwa alivaa koti, akajiandalia maneno yake usingizini na njiani: mimi Rutaihwa nilitoa neno lisilo langu. Kila mara alirudi nayo maneno hayo yote mdomoni, hakuna aliyeyataka. Pale Izigo habari ilikuwa imeshatangulia kwamba amemshtaki mtu aliyetafuna naye kahawa. Mgogoro wa mpaka ulipotokea kwa jirani wa bondeni, walimwita Mzee Kamala. Kamala mwenyewe alikuja kumweleza.

"Nimewaambia siwezi, mimi mtu wa utani," alisema, na mara hii hakutania. "Wakasema afadhali."

Msimu wa senene ulipoanza, watoto wakikimbilia taa za barabarani na mifuko ya kuwakamatia, homa ilimpanda Annastella. Hawakufika Mwanza. Walifika hospitali iliyokuwa karibu, na daktari yule yule hakutazama picha tena. Mzee ndiye aliyetia sahihi fomu ya kuukata mguu, mkono wa binti ukiwa hauwezi kalamu. Kabla ya kutia sahihi alisimama kando ya kitanda, akamuuliza, "Annastella, unakubali?" Alimuuliza mara mbili, mpaka akasikia jibu.

Mahakama ilipanga tarehe nyingine, baada ya likizo. Wakili Judica alipiga simu kueleza kwamba sasa madai yamekuwa mazito zaidi, kwa sababu ya kiungo kilichopotea. Alisema kama mtu anayetoa habari njema, kisha akayasikia maneno yake mwenyewe, akaomba radhi.

Mwezi ule shule zilikuwa karibu kufunguliwa, na wazazi walikuwa wanauliza sare. Annastella aliifunua cherehani. Aliketi, akajaribu kukanyaga kwa mguu wa kushoto peke yake, gurudumu likaenda mbele, likarudi nyuma, uzi ukakatika. Akajaribu tena. Ukakatika.

Mzee Rutaihwa alikuwa anamtazama kutoka mlangoni. Alivua koti lake, akalitundika. Akainama, akaketi chini kwenye sakafu, akajisogeza chini ya cherehani mpaka magoti yake yakagusa ukuta, akakishika kikanyagio kwa mikono miwili.

"Tata, toka huko. Watu watakuona."

"Wewe sema tu nianze lini."

Annastella alipanga kitambaa, akashusha sindano.

"Anza."

Mzee akasukuma. Gurudumu likazunguka.

"Polepole. Unakimbia. Hapo, hivyo hivyo." Kitambaa kilipita. Kutoka chini mzee hakuona chochote ila upindo wa gauni la binti yake na mguu mmoja. "Tunafika kwenye kona. Simama."

Akasimama, mikono bado juu ya kikanyagio.

"Sijasema uanze, Tata."

"Nasubiri," alisema Mzee Rutaihwa.